Tambi za Chandra: nimeitazama "If You Were Me" mara tatu

Mwaka 1993, mwanamke kutoka Nepal aliyekuwa akifanya kazi ya kiwanda cha nguo mjini Seoul aliingia mkahawani, akaagiza tambi, akala, kisha akajikuta hana pochi. Mwenye mkahawa akaita polisi. Polisi wakamsikia akibabaika kwa Kikorea, wakamtazama uso, wakaona anafanana na watu wa hapo, wakaamua huyu ni Mkorea aliyerukwa na akili. Akaishia katika hospitali za wagonjwa wa akili. Alikaa humo miaka sita na miezi minne.

Anaitwa Chandra, na kisa chake ndicho kipande cha mwisho cha filamu ninayotaka kuieleza hapa. Inaitwa "If You Were Me" kwa jina la kimataifa. Jina lake la Kikorea maana yake ni Mitazamo Sita, nami nalipenda zaidi hilo. Ni filamu ya mwaka 2003, imeundwa na waongozaji sita, kila mmoja kwa kisa chake, na aliyewapa kazi ni Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Korea Kusini. Tume hiyo ilikuwa changa mno wakati huo. Ilianza kazi mwishoni mwa 2001. Badala ya kuchapisha vijitabu tu na kuvigawa kwenye semina, iliwaita watu wa sinema ikawaambia wachague wenyewe aina ya ubaguzi wanaotaka kuuonyesha. Mpwa wangu anayesomea filamu Nairobi ndiye aliyeniletea kwenye flashi. Akaniambia, "Shangazi, hii tazama yote, lakini ya mwisho tazama ukiwa umekaa."

Lazima niseme mimi ni nani ili mjue naitazama kutokea wapi. Nilikuwa karani wa korti hapa pwani ya Kenya kuanzia 1994 hadi nilipostaafu 2021. Anayezijua korti zetu anajua kwamba karani ndiye mkalimani. Hakimu anasema kwa Kiingereza, mimi nampa mshtakiwa kwa Kiswahili au Kigiriama, jibu linatoka kizimbani kwa Kigiriama, nami nalipeleka juu kwa Kiingereza. Mwaka nilioanza kazi, Chandra alikuwa tayari amefungiwa. Nilipokuwa na miaka sita kazini, nikiona nimeshaijua, yeye ndiyo kwanza anatoka. Hesabu hiyo niliifanya usiku ule wa kwanza, na sikulala vizuri.

Filamu yote inachukua saa mbili kasoro kidogo. Vipande havilingani kwa uzito, na sidhani mtu ajilazimishe kuvipenda vyote. Nitavipitia jinsi vilivyonigusa, kwa hiyo vingine nitavipita mbio.

Cha kwanza ni cha Yim Soon-rye, mwongozaji wa kike. Kinahusu wasichana wa shule ya sekondari ya biashara wanaojiandaa kwa usaili wa kazi, na walimu wao hawahangaiki na hesabu wala uchapaji wao kama wanavyohangaika na kilo zao na macho yao. Msichana tunayemfuata ni mnene kidogo na anataka afanyiwe upasuaji wa kope ili apate mkunjo unaopendwa huko. Nilichokipenda ni kwamba hakuna mtu mbaya humo. Mwalimu anayewapima wasichana anaamini anawasaidia. Anajua waajiri watawatazama nini, naye anataka wapate mkate. Nimewahi kuwasikia walimu na hata wazazi wakisema maneno ya aina hiyo hapa kwetu, kwa upendo kabisa, kuhusu weupe wa ngozi.

Cha pili, cha Jeong Jae-eun, ndicho dhaifu kwangu. Kinatupeleka kwenye jengo la ghorofa linaloonekana kama la zama zijazo, ambamo anaishi mwanamume aliyetangazwa hadharani kwamba alitenda kosa la kingono, na majirani wote wanamkwepa. Jengo hilo lina pia mtoto anayekojoa kitandani. Kwa desturi ya zamani ya Wakorea, mtoto wa namna hiyo huvikwa ungo kichwani na kutumwa kwa majirani kuomba chumvi, ili aone haya aache. Kuziweka fedheha hizo mbili mlango kwa mlango ni wazo kubwa. Lakini picha zimepambwa mno, rangi zimepangwa mno, na watu wamegeuka vikaragosi. Nilitaka kuguswa, nikabaki natazama kuta.

Pamoja na hayo kinastahili kutazamwa kwa sababu ya swali lililokuwa likitokota Korea wakati huohuo. Nchi hiyo ilikuwa imeanza mwaka 2001 kutangaza majina ya waliohukumiwa kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto na vijana. Suala likafika Mahakama ya Katiba, na Juni 2003 ikaamua. Majaji watano kati ya tisa waliona utaratibu ule unakiuka katiba. Walio wengi, basi? Wengi, lakini katiba yao inadai majaji sita ndipo sheria ibatilishwe, kwa hiyo sheria ikasimama. Mimi ni mama na bibi, na moyo wangu uko upande wa watoto moja kwa moja. Nimeketi pia kwenye kesi hizo na kutafsiri maneno ya watoto wa miaka saba, maneno ambayo hadi leo sitaki kuyarudia. Hata hivyo najua kwamba haki ya mtu tunayempenda haijawahi kumtaabisha jaji yeyote. Kipande hiki kilijaribu kuugusa mfupa huo. Sikubaliani na namna kilivyougusa, lakini naheshimu kwamba tume ya serikali ililipia kitu kama hicho na haikukifungia kabatini.

Cha tatu kilinisimamisha. Mwongozaji wake ni Yeo Kyun-dong, na anayekibeba ni Kim Moon-joo, mtu mwenye ulemavu wa mtindio wa ubongo kweli, siyo mwigizaji aliyejifunza kukunja mikono. Kimekatwakatwa katika visa vidogovidogo vya maisha yake: upweke wa nyumbani, watu wanaomsaidia bila kumuuliza kama anataka, rafiki aliye kwenye mapambano ya watu wenye ulemavu kudai usafiri. Mwishoni anafika Gwanghwamun, makutano makubwa katikati ya Seoul, barabara pana ya magari tele. Njia ya kuvuka kwa miguu hapo ilikuwa chini ya ardhi, yaani ngazi za kushuka na ngazi za kupanda. Mtu wa magongo afanyeje? Kim anashuka barabarani juu kwa juu na kuanza kuvuka, hatua kwa hatua, magari yakipiga honi.

Kikorea wamekiita kipande hicho kwa maneno yenye maana ya kuvuka bara. Kumbuka ni barabara moja tu.

Mambo haya hawakuyabuni. Januari 2001, katika kituo cha treni cha Oido, kebo ya lifti ya viti vya magurudumu ilikatika na mwanamke mzee mwenye ulemavu akafa. Kifo hicho kiliwatoa watu wenye ulemavu majumbani, wakaenda kujilaza relini na kujifunga minyororo kwenye mabasi, wakidai kupanda vyombo vya umma kama wengine. Sheria ya usafiri kwa watu wenye shida ya kutembea ilitangazwa rasmi 2005. Filamu yetu iko katikati, baada ya kifo na kabla ya sheria, na ndiyo maana ina joto lile.

Nikiwa kazini, korti moja niliyohudumu ilikuwa na chumba cha kusikiliza kesi ghorofani, na hakukuwa na njia nyingine ila ngazi. Siku moja shahidi, mama mwenye miguu iliyopooza, alibebwa na askari wawili hadi juu, mmoja kwapani, mwingine magotini. Leso yake ilifunguka njiani. Hakuna aliyecheka, kila mtu alikuwa na nia njema, na yule mama alitoa ushahidi wake huku ameinamisha uso tangu mwanzo hadi mwisho. Wakili wa upande wa pili akasema shahidi hatazami korti machoni, kwa hiyo asiaminiwe. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuweza kufika, kwa kiasi kinachofaa, mahali pote. Nilikuwa nakijua kwa moyo. Nilimtazama Kim Moon-joo akivuka na kuiona leso ile.

Cha nne nawaonya: msiwaonyeshe watoto. Park Jin-pyo anaonyesha mvulana mdogo anayepelekwa na mama yake kwa daktari ili akatwe utepe wa chini ya ulimi, eti aweze kutamka Kiingereza sawasawa, hasa zile sauti za R na L. Picha za upasuaji ni za kweli. Unaona mkasi, unaona damu, unamsikia mtoto akilia na watu wazima wakimbembeleza. Ni kifupi, na dakika zake ni ndefu kuliko za filamu yote. Nilisitisha mara mbili, nikaenda kusimama mlangoni.

Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa kwa nini. Katika shule niliyosoma miaka ya sabini, aliyenaswa akizungumza Kigiriama alivishwa kipande cha mbao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Aliyekuwa nacho jioni alichapwa. Kwa hiyo tulijifunza mambo mawili kwa pamoja: Kiingereza, na kuwasikiliza rafiki zetu kwa nia ya kuwakamata. Mama wa yule mvulana wa Seoul hana chuki na mwanawe. Anampenda, ana wasiwasi na kesho yake, ana pesa za kumlipa daktari. Basi. Na mimi niliyepigwa kwa ajili ya Kigiriama nilikuja kulipwa mshahara miaka 27 kwa sababu nakijua.

Cha tano, cha Park Kwang-su, ni mabishano ya mwanamume aliyeamka na uchovu wa pombe na msichana mrembo anayekata tiketi kwenye maegesho ya magari chini ya jumba la mazishi. Mwanamume haamini kwamba sura kama ile inafanya kazi kama ile, na kila neno lake linazidi kuvuka mpaka. Kina mwisho ambao sitausema. Ni kizuri lakini chepesi, hasa kwa mtu aliyetengeneza miaka minane kabla filamu kuhusu Jeon Tae-il, yule fundi cherehani kijana aliyejichoma moto Seoul Novemba 1970 pamoja na kitabu cha sheria ya kazi, akipiga kelele kwamba sheria ifuatwe. Sheria ilikuwepo! Yote aliyoyadai yalikuwa yamekwisha andikwa. Nilitegemea uzito wa namna hiyo, nikapewa kitu chembamba. Nadhani pia tunapoteza mengi kwa tafsiri. Kikorea hupanga heshima ndani ya kitenzi chenyewe. Mtu akishusha daraja la heshima katikati ya sentensi, ni kama amekusukuma kifuani. Maandishi ya Kiingereza chini ya picha yanakupa maana na kuacha msukumo.

Sasa Chandra.

Park Chan-wook ndiye aliyekiongoza. Mwaka huohuo alitoa Oldboy, filamu iliyompa jina duniani, kuhusu mtu aliyefungiwa chumbani miaka 15 bila kuambiwa sababu. Watu wameizungumza hiyo kwa miaka mingi, ukatili wake na visasi vyake. Lakini nikiulizwa mimi, ya kutisha ni hii nyingine, kwa sababu hakuna adui aliyepanga lolote. Kila aliyempitisha Chandra kwenda hatua ya pili alikuwa akifanya kazi yake ya siku.

Sehemu kubwa ya kipande ni nyeusi na nyeupe, na kamera ndiyo Chandra. Hatumwoni, tunaona anachokiona yeye. Mwenye mkahawa anakuinamia wewe. Polisi anakuuliza wewe. Daktari anakutazama, anaandika kitu, anamgeukia mwenzake na kukuzungumzia kana kwamba wewe ni kiti. Baina ya matukio hayo, wahusika wanajibu maswali kama wanaohojiwa, wanaeleza walivyofikiri wakati ule. Na wote wana sababu! Alionekana Mkorea. Alikuwa mchafu kidogo. Alikuwa akinung'unika maneno yasiyoeleweka. Alisema anatoka Nepal, na mgonjwa wa akili anaweza kusema lolote.

Hilo la mwisho nililirudisha nyuma nikalitazama tena. Alikuwa amesema. Alisema anatoka wapi, na kusema kwake kukawa dalili ya ugonjwa. Wakampa jina la Kikorea, wakamwandikia dawa kwa jina hilo.

Hapa nataka kusema jambo la katiba, maana filamu yenyewe haitamki kifungu hata kimoja na nadhani imefanya vyema. Katiba ya Korea Kusini inayotumika sasa ni ya 1987, iliyopatikana baada ya watu kujaa barabarani mwezi Juni mwaka huo kuudai uchaguzi wa moja kwa moja wa rais. Ni katiba iliyopiganiwa. Kifungu cha 10 kinatoa hakikisho la utu na thamani ya binadamu na haki ya kutafuta furaha, cha 11 usawa mbele ya sheria, cha 12 uhuru wa mwili. Vyote vitatu vinaanza kwa neno moja: raia. Raia wote. Chandra hakuwa raia. Halafu tazama jambo lilivyogeuka: alifungiwa kwa sababu walimdhania ni raia. Angejulikana ni mgeni, huenda angeulizwa pasipoti na kuitiwa mtu wa ubalozi. Mlango wa katiba ulimfungia kwa pande zote mbili.

Tume ile iliyolipia filamu ilijua pengo hilo. Sheria iliyoiunda inasema inawahudumia raia na pia wageni walio ndani ya nchi. Kwa hiyo kisa cha mgeni kukifanya kipande cha mwisho cha filamu, nafikiri walikuwa wakieleza tofauti hiyo bila kuitolea mhadhara.

Katiba yetu sisi, Sura ya Nne, ile ya haki za watu, karibu kila mahali inasema "kila mtu". Kifungu cha 49 kinasema mtu aliyekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini amekamatwa. Cha 50 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya korti mkalimani bila malipo. Na hata kabla ya katiba hii, majaji wa Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki walikwisha sema, katika kesi ya Adan ya 1973, kwamba mashtaka yasomwe na kufafanuliwa kwa mshtakiwa kwa lugha yake au lugha anayoielewa, na akikiri, maneno yake aliyoyatamka yaandikwe yalivyo kadiri inavyowezekana. Hiyo kesi kila karani mzuri anaijua.

Niwaeleze basi nilichokiona. Ilikuwa mapema katika kazi yangu, na mimi sikuwa zamuni. Niliketi nyuma nikisubiri faili. Mzee wa makamo ya babu alisimamishwa kizimbani. Karani aliyekuwepo hakuwa mtu wa huku, akamsomea mashtaka kwa Kiswahili cha haraka. Kila alipotua, mzee aliitika, "Eh." Akisoma tena, "Eh." Mashtaka yakaisha, mzee amekwisha itika mara nne au tano, ikaandikwa amekiri. Kwetu mtu mzima akizungumza, msikilizaji huitikia kila kituo, kumwonyesha kwamba yupo naye na anamheshimu. Usipoitika, umemdharau. Mzee yule hakukiri kitu. Alikuwa akimpa karani adabu yake.

Nilisimama? Sikusimama. Nilikuwa mgeni kazini, na karani yule alikuwa mkubwa wangu. Nilimwambia wakati wa chai, naye akasema nimwachie kazi yake. Mzee alikwenda rumande kusubiri hukumu. Nilikwenda kwa hakimu chumbani kwake siku ya tatu, nikamweleza, naye kwa haki yake alimrudisha mzee na kumsomea upya, mara hii kwa Kigiriama, mimi nikitafsiri. Akakana kila neno. Siku tatu. Nimezibeba siku tatu hizo miaka mingi, na nimekuwa nikijiambia siku tatu si nyingi. Kisha nikaketi mbele ya Chandra mwenye miaka sita na miezi minne, na nikajua miaka ile ilivyoanza: ilianza kama siku tatu.

Kwa sababu hiyo sikuridhika kuitazama peke yangu. Jumamosi iliyofuata niliwaita majirani wanne na shangazi yangu, ambaye ana umri unaokaribia tisini na hasomi, tukaunganisha kompyuta kwenye televisheni. Kipande cha nne nilikiruka. Vingine nilivitafsiri papo hapo, nikisitisha picha kila baada ya maneno machache, kama wale wa mabanda ya video, ila mimi sina kasi ya DJ Afro wala sikuongeza langu. Nilitafsiri kwa nafsi ya kwanza, kama tunavyofanya kortini: polisi akisema "mimi", nami nasema "mimi". Ni kazi ngumu kuwa polisi yule. Ni ngumu zaidi kuwa daktari, kwa sababu ana upole.

Kwa anayetaka kuitazama na wenzake, nashauri hivi. Msiimalize kwa mkupuo. Tazameni cha kwanza na cha tatu, mpumzike, mle kitu, halafu cha mwisho. Cha pili na cha tano mnaweza kuviacha siku nyingine. Mkiwa na mtu anayejua Kiingereza vizuri, apewe nafasi ya kutafsiri kwa sauti, kwa maana maandishi yale ni madogo na yanapita haraka, na wazee hawatayafuata. Na kama kuna mwalimu wa uraia anayesoma hapa, kipande cha Kim Moon-joo kinatosha kipindi kizima cha kidato cha tatu. Waonyeshe kile cha kuvuka barabara bila kusema neno, kisha watoe nje wakahesabu ngazi za shule yao.

Tume ya Korea haikuishia hapo. Ilitoa nyingine za mfululizo huo miaka iliyofuata, zikiwemo za katuni. Nimeziomba kwa mpwa wangu. Ningependa pia siku moja kuona Sura ya Nne yetu ikifanyiwa jambo la namna hii, kwa waongozaji wetu na kwa lugha zetu, bila hotuba ya waziri mwanzoni.

Mwisho wa kipande cha Chandra picha inaacha weusi na weupe. Tuko Nepal, kuna rangi, na tunamwona Chandra mwenyewe, mwanamke wa kweli, si mwigizaji. Baada ya karibu nusu saa ya kutazama kwa macho yake, ndiyo mara ya kwanza unauona uso. Sebuleni kwangu palikuwa kimya. Jirani yangu mmoja, anayeuza viazi karai karibu na stendi, alikuwa ameshika kanga mdomoni.

Shangazi ndiye aliyesema kwanza. Aliniuliza, "Mwanangu, zile tambi zilikuwa pesa ngapi?"

Nikamwambia filamu haisemi.

"Na hapakuwa na mtu mwingine pale mkahawani anakula?"

Nikamwambia sijaangalia. Nikarudisha picha nyuma, tukaanza kuwatafuta waliokuwa meza nyingine.